Bodaboda na jino la kumi na tano

*Kuanzia Mbagala hadi Wazo, madereva wa pikipiki wanabadili sproketi kutafuta spidi au nguvu ya kupanda. Hesabu ya meno inaonyesha kinachopatikana, kinachopotea na anayelipia tofauti.*

Pikipiki imesimamishwa kwenye stendi kubwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu. Fundi amekwishafungua kifuniko cha pembeni ya injini. Ndani kumejaa uji mweusi wa oili, mchanga na vumbi. Anaukwangua kwa bisibisi hadi kigurudumu kidogo cha chuma kinaonekana. Hiyo ndiyo sproketi ya mbele, ina meno 14. Mkononi ameshika nyingine mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Hiyo ina meno 15.

Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Boliti mbili zinafunguliwa, kibati kinachoishikilia sproketi kinazungushwa kidogo na kuvutwa, sproketi ya zamani inatoka na mpya inaingia. Kisha gurudumu la nyuma linasogezwa kidogo mbele ili cheni ifike.

Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, amekalia ndoo tupu ya oili, macho yako kwenye simu. Ombi lake kwa fundi lilikuwa na maneno matatu: “Fundi, ongeza jino.”

Ombi hilo ni la kawaida katika gereji za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Na ukivuka kwenda upande wa pili, Tegeta na Wazo, unakuta ombi la kinyume chake: punguza jino. Kijana wa Mbagala anataka pikipiki ikimbie kwenye lami ya barabara ya Kilwa. Mwenzake wa Wazo anataka ipande kilima na abiria bila kuzimika katikati. Wote wawili wanacheza na kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, na wote wawili wanabadili tabia ya pikipiki nzima: inavyoondoka, inavyopanda, inavyokula mafuta na hata inavyosimama.

Jiji lilivyokimbilia pembezoni

Usafiri wa bodaboda ulikuwapo mitaani kabla ya kuwapo kwenye vitabu vya serikali. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, enzi za Sumatra, mamlaka ya usafiri ya wakati huo. Mwaka 2019 ikaundwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, Latra, ambayo ndiyo inayosimamia leseni hizo leo.

Katikati ya miaka hiyo, jiji lilitanuka. Chamazi, Mbande, Toangoma na Kijichi upande wa Temeke, Bunju, Madale na Mabwepande upande wa Kinondoni, zilijaa nyumba kabla ya kupata barabara za maana. Njia ya mabasi ya mwendokasi imejengwa hadi Mbagala, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, lakini kutoka kituo cha mwisho hadi mlangoni kwa mtu kuna kilomita nyingine tatu, tano, hata nane. Kilomita hizo ni za bodaboda.

Na hazifanani. Ndani ya tripu moja dereva anaweza kuanza na lami safi, akaingia kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, akamalizia kwenye kichochoro cha mchanga laini ambako gurudumu la mbele linayumba kama limelewa. Masika yakifika, mchanga huo unageuka tope na mtelezo.

Pikipiki zinazofanya kazi hiyo ni za aina chache: Boxer, TVS HLX, na zile za Kichina ambazo mtaani kwa miaka mingi ziliitwa “toyo” bila kujali nembo. Injini zake ni za ukubwa wa sentimita za ujazo 100, 125 au 150, na nguvu zake ni kati ya farasi 8 na 12 hivi. Ni injini za kubeba mzigo kwa uvumilivu, na kiwanda kilizipangia meno kwa kazi hiyo.

Jino moja mbele, matatu nyuma

Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Maana yake sproketi ya injini inazunguka mara tatu ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja.

Weka meno 15 mbele. Sasa ni 42 kwa 15, sawa na 2.8. Kwa mizunguko ile ile ya injini, gurudumu linazunguka zaidi kwa asilimia 7. Lakini nguvu ya kusukuma kwenye tairi inapungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Rudi chini, weka 13: unapata 3.23. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na spidi kwa kila gia inashuka.

Ukitaka kupata matokeo hayo hayo kwa kubadili sproketi ya nyuma, itabidi uongeze meno matatu, kutoka 42 hadi 45. Ndiyo maana mafundi wengi wanaanza na ya mbele. Ni ndogo, ni rahisi, na bei yake haimwumizi mteja.

> Jino moja la mbele lina uzito wa meno matatu ya nyuma.

Mpaka hapo ni hesabu ya darasa la sita, na fundi wa chini ya mwembe anaijua vizuri kuliko mwandishi wa makala hii, hata kama hajawahi kuiandika popote. Utata unaanza pale pikipiki inapoacha karatasi na kuingia barabarani.

Kilo 25 mgongoni

Boxer tupu ina uzito wa kilo 115 hivi. Mpandishe dereva wa kilo 65 na abiria wa kilo 70, jumla kilo 250. Sasa waelekeze kwenye kilima kinachopanda mita moja kwa kila mita kumi, mwinuko ambao wakazi wa Wazo na Madale hawauoni kuwa wa ajabu. Uzito unaoivuta pikipiki kurudi nyuma ni kilo 25, muda wote wa kupanda.

Ongeza mshikaki, yaani abiria wa pili, kosa ambalo kila mtu analikataza na kila mtu amewahi kuliona, na zile 25 zinakuwa 32.

Mchanga nao una kilima chake kisichoonekana. Kwenye lami, tairi lenye upepo wa kutosha linahitaji msukumo mdogo tu kuendelea kubingirika, kama kilo nne au tano kwa pikipiki hiyo yenye mzigo. Kwenye mchanga laini tairi linazama, linasukuma mchanga mbele yake, na upinzani unaweza kulingana na ule wa kilima cha Wazo ingawa ardhi ni tambarare. Dereva wa Chamazi anayemalizia tripu vichochoroni anapanda kilima kila siku.

Hapo ndipo jino la kumi na tano linapodai malipo yake. Pikipiki iliyokuwa ikipita mchangani kwa gia ya pili sasa inataka ya kwanza. Kwenye kuondoka, dereva anaongeza mafuta na kuachia klachi taratibu, nusu imeshika na nusu inateleza, hadi pikipiki ichanganye. Akifanya hivyo mara hamsini kwa siku, pleti za klachi zinaungua. Harufu yake ni ile ambayo abiria husikia akadhani kuna mtu anachoma taka jirani.

Wanaopunguza jino nao hawatoki bure. Pikipiki inapanda vizuri na inaondoka kwa wepesi, lakini ikifika lami injini inapiga kelele kwenye gia ya mwisho na dereva anatafuta gia nyingine ambayo haipo. Injini inayozunguka kasi kwa spidi ile ile inakunywa zaidi, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Ewura inapotangaza bei kikomo za mafuta, dereva anakumbushwa jambo hilo. Tena sproketi ikiwa ndogo sana, cheni inakunjwa kwa kona kali zaidi kila inapoizunguka, na inachakaa mapema.

Upepo hauhongeki

Turudi kwa kijana wa Rangi Tatu, kwa sababu hoja yake ndiyo inayosikika zaidi vijiweni: jino likiongezeka, spidi ya mwisho inaongezeka.

Kwenye karatasi ni kweli. Tairi la pikipiki hizi lina mzunguko wa mita 1.85 hivi. Gurudumu likizunguka mara 700 kwa dakika, pikipiki inakwenda mita 1,295 kwa dakika, karibu kilomita 78 kwa saa. Ongeza jino, gurudumu lizunguke mara 750, inakuwa kilomita 83. Dereva ameongeza kilomita tano kwa bei ya kipande cha chuma.

Lakini injini lazima iweze kulizungusha gurudumu hilo mara 750, na hapo kuna upepo. Pikipiki yenye dereva aliyekaa wima na abiria mwenye mkoba wa mgongoni ni ukuta mdogo unaosukumwa hewani. Nguvu ya injini inayotakiwa kukata upepo inapanda kwa mchemraba wa spidi. Spidi ikiongezeka kwa asilimia 7, nguvu inayotakiwa inaongezeka kwa asilimia 23. Injini iliyokuwa inamaliza nguvu zake zote kwa spidi ya 78 haina pa kuitoa robo hiyo ya ziada. Jino halitengenezi nguvu, linaigawa tu.

Matokeo yake, pikipiki ndogo iliyoongezwa jino mara nyingi inafika spidi ile ile ya zamani, au inashuka kidogo, huku injini ikizunguka taratibu na kugugumia kwenye gia ya mwisho. Dereva anashuka gia moja ili irudishe uhai. Sasa ana gia ya mwisho ambayo ni ya kuteremkia tu.

Kwa nini basi anaapa kwamba inakimbia zaidi? Sababu moja ni sikio. Injini inayozunguka polepole ina sauti tulivu, na utulivu ule unampa mtu hisia kwamba bado kuna spidi ya akiba. Sababu nyingine ni kwamba mara nyingi sproketi hubadilishwa pamoja na cheni iliyochakaa. Cheni mpya, iliyokazwa sawasawa na kupakwa oili, inaifanya pikipiki iwe nyepesi hata kama meno ni yale yale. Sifa anapewa jino.

Spidomita ingeweza kumaliza ubishi. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda waya wake unatoka kwenye gurudumu la mbele, hivyo kubadili sproketi hakuudanganyi mshale. Tatizo ni kuupata mshale unaofanya kazi. Pita kijiwe chochote uangalie dashibodi.

> Injini iliyomaliza nguvu zake kwa spidi ya 78 haina robo ya ziada ya kukatia upepo.

Kuna kundi moja ambalo jino la ziada linawafaa, na si haki kuliacha. Ni wale wanaopeleka vifurushi peke yao kwenye lami ndefu, kwa mfano barabara ya Bagamoyo kuelekea Bunju au ya Kilwa kuelekea Mkuranga. Hawana abiria nyuma, hawaingii mchangani, wanakwenda spidi ya kati kwa muda mrefu. Kwao injini inatulia, mtetemo unapungua mikononi, na mafuta yanaweza kuokolewa kidogo. Wanachokipata ni raha ya safari kwa spidi ya kawaida. Spidi ya mwisho kwao ni habari nyingine.

Sekunde 28

Tuseme upepo umelala, jino limetoa asilimia 7 zote, na barabara ni nyeupe. Abiria anatoka Rangi Tatu kwenda kilomita 6 ndani. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, safari inachukua dakika 7 na sekunde 12. Kwa wastani wa 53.5, inachukua dakika 6 na sekunde 44.

Faida ni sekunde 28.

Toa matuta, toa daladala linaloshusha abiria katikati ya njia, toa mbuzi. Hakuna kinachobaki. Na muda huo hauingizi kichwa kingine, kwa sababu dereva akirudi kijiweni anapanga foleni nyuma ya wenzake na kusubiri zamu. Muda mwingi wa siku wa bodaboda wa pembezoni unaishia kwenye kivuli akisubiri mteja, na hakuna sproketi inayofupisha kusubiri.

Upande wa pili wa mizani ni breki. Nguvu iliyomo ndani ya chombo kinachotembea inakua kwa mraba wa spidi. Pikipiki inayokwenda 80 inabeba nguvu mara mbili na nusu ya ile inayokwenda 50, na nguvu yote hiyo lazima imezwe na breki ili isimame. Bodaboda nyingi zina breki za ngoma mbele na nyuma, ndogo, zikiwa na viatu ambavyo mara nyingi vimechelewa kubadilishwa.

Kabla hata ya kukanyaga breki kuna ile sekunde moja ya kushtuka. Kwa spidi ya 50, pikipiki inasafiri mita 14 ndani ya sekunde hiyo. Kwa 80, mita 22. Tofauti ni mita nane, upana wa barabara ya mtaa wenye watoto wanaovuka kwenda shule.

Jino la ziada linapunguza pia breki ya injini. Dereva akifunga mafuta kwenye mteremko, pikipiki yenye uwiano mkubwa inashikwa vizuri na injini. Ile iliyoongezwa jino inaachia zaidi. Changanya hilo na tabia ya kuteremka fri, klachi imeshikwa ili kubana mafuta, na mteremko wa Wazo unabaki mikononi mwa vile viatu vya breki.

Nani mwenye meno?

Pikipiki nyingi za bodaboda si za wanaoziendesha. Kuna mwenye chombo, ambaye kijiweni huitwa tajiri hata kama naye ni mwalimu aliyekopa Saccos. Kuna dereva anayempelekea hesabu ya siku, ambayo huzunguka Sh7,000 hadi Sh10,000 kutegemea hali ya pikipiki na makubaliano. Na kuna dereva wa mkataba, anayelipa kila siku kwa mwaka au zaidi hadi chombo kiwe chake.

Makundi haya matatu hayalioni jino kwa jicho moja.

Dereva wa hesabu anataka pikipiki inayomfurahisha leo. Klachi ikiungua mwezi ujao, huenda atakuwa amehamia pikipiki nyingine, na ubishi wa nani alipe matengenezo ni wa kila wiki. Tajiri anataka injini idumu, lakini mara nyingi hajui sproketi ina meno mangapi. Anakagua tairi, anasikiliza injini, anauliza lini oili imebadilishwa. Kifuniko cha pembeni hakifunguliwi.

Dereva wa mkataba ni mtu mwingine kabisa. Kila senti ya klachi ni yake, kila cheni ni yake, na akimaliza malipo anataka abaki na pikipiki, si mabaki. Ukitaka kumpata mtu wa Temeke anayejua uwiano wa meno yake kwa kichwa, mtafute huyo.

Fundi yuko katikati. Akikataa kuongeza jino, mteja atavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Wapo wanaomweleza mteja ukweli kwanza kisha wakafanya kazi, na wapo wanaofanya kazi kwanza. Kwa mtazamo wangu, fundi anayemuuliza mteja anafanya kazi njia gani kabla ya kuchukua spana ndiye wa kushikamana naye. Mchanga wa Mbande na lami ya Bunju havitaki pikipiki moja.

Soko la spea nalo linachangia. Seti ya cheni na sproketi mara nyingi inaombwa dukani kwa jina la pikipiki, na mnunuzi anaondoka na boksi bila kuhesabu. Seti mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana jino moja au mawili, hivyo kuna madereva waliobadili uwiano bila kujua, wakabaki wakilaumu injini. Kuhesabu meno ya sproketi mbili hakuchukui dakika mbili, na ni bora kufanyika kaunta ya Kariakoo kuliko kugundulika kwenye kilima.

Kuna kimoja ambacho mafundi makini hukiangalia na wengi hukipuuza. Cheni huwa na viungo vya namba shufwa. Sproketi ya meno witiri, kama 13 au 15, inafanya kila jino likutane na viungo vya ndani na vya nje kwa zamu, na uchakavu unagawanyika. Ya meno shufwa inaweza kurudia jino lile lile kwa kiungo cha aina ile ile muda wote. Kwa sproketi ya chuma kizuri tofauti haionekani haraka. Kwa zile laini za bei ya chini, meno yanachongoka yakalala upande mmoja kabla ya wakati.

Sheria inataja spidi, haitaji meno

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Hiyo inahusu karibu kila mita ya barabara iliyotajwa katika makala hii. Pikipiki yoyote kati ya hizi, na meno yoyote, inafika 50 bila kutoa jasho.

Askari wa usalama barabarani akiisimamisha bodaboda anaangalia leseni, bima, kofia ngumu na idadi ya abiria. Hana sababu ya kuhesabu meno, na kusema kweli sioni faida ya kumpa kazi hiyo. Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa Latra wa kufuatilia mwendo, na dereva anayezidisha anaonekana kwenye kompyuta. Kwa makumi ya maelfu ya pikipiki, kifaa kama hicho kingekuwa gharama nyingine kwenye hesabu ya siku, na kila mtu anajua angeibeba nani.

Bajaji, kwa upande wake, imeepuka ubishi huu kwa maumbile. Injini iko nyuma, nguvu inapitia difu na mihimili hadi magurudumu mawili, hakuna cheni ya nje ya kuchezea. Inaondoka Mtoni Kijichi na abiria watatu ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani, na hakuna anayemwambia fundi aongeze jino.

Mbali kabisa na hapa

Ubishi huu si wa Dar es Salaam peke yake, na mahali unapofanana zaidi panaweza kumshangaza msomaji: kwenye milima ya theluji ya Kanada na Marekani. Huko kuna pikipiki za theluji, zenye mkanda mpana wa mpira nyuma na skii mbili mbele. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alianza kuuza Ski-Doo mwaka 1959, na tangu hapo wapanda milima wanabishana na wapenda spidi.

Mashine hizo hazina gia za kubadili kwa mguu. Zina mkanda unaopanda na kushuka kwenye puli mbili zinazojitanua zenyewe, kama zilivyo skuta zinazoonekana mjini hapa. Lakini baada ya puli kuna cheni na sproketi mbili, na meno yake hubadilishwa kama ya Boxer. Za milimani zinapangiwa uwiano wa kuvuta. Mmiliki ana injini ya farasi 160 na zaidi, na bado anakubali kupoteza spidi ya mwisho, kwa sababu kwenye theluji laini inayomfika kiunoni hataitumia kamwe. Theluji hiyo ni mchanga wa Chamazi wa watu wengine.

Wana tatizo la ziada ambalo sisi wa pwani hatuna. Injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Bodaboda ikipakiwa kwenye lori kutoka Temeke kwenda Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700, inashuka kwenye lori ikiwa imepungukiwa karibu moja ya sita ya nguvu zake. Huko, mtu mwenye jino la kumi na tano analijua kosa lake siku ya kwanza.

Jaribio lisilohitaji spana

Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana Dar es Salaam, na kwa mota inayotoa nguvu tangu sifuri, mjadala wa gia huenda ukapoteza wasikilizaji. Zipo zenye mota ndani ya gurudumu, hazina cheni wala sproketi, na spidi yake ya mwisho inapangwa kwa programu. Lakini leo, kwenye vijiwe vya Mbagala na Tegeta, bado petroli ndiyo inayotawala.

Kwa dereva anayejiuliza kama meno yake yanafaa, hakuna haja ya kukimbiza pikipiki hadi mwisho kwenye barabara ya watu. Mpakie abiria wa kawaida, tafuta lami tambarare, panda hadi gia ya mwisho kwa spidi ya 50 ambayo sheria inairuhusu, kisha ongeza mafuta kidogo. Ikijibu na kuvuta, uko sawa. Ikigugumia hadi ulazimike kushusha gia, jino limezidi. Halafu ingia kwenye mchanga wa mtaani kwako kwa gia ya pili, taratibu. Kama huwezi kupita bila kuchezea klachi, jibu ni lile lile.

Rudi kwa fundi umwambie arudishe sproketi ya zamani, kama hajaiuza.